Kamera Mkononi, Pumzi Kifuani: Maswali ya Anayepiga Picha Chini ya Bahari

Anayezamia na kamera kwenye miamba ya matumbawe ana kazi mbili: kupata picha na kupumua. Ya kwanza hupenda kuimeza ya pili. Majibu haya ni ya mzamiaji anayetumia mtungi wa hewa na aliyeanza, au anayetaka kuanza, kubeba kamera majini.

Nikibana pumzi kidogo, kamera haitikisiki na samaki hawakimbii. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa kuliko yote yatakayofuata. Hewa ya mtungi unaivuta ikiwa imegandamizwa kulingana na kina ulichopo. Juu ya bahari tunabeba mgandamizo wa hewa peke yake. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya huo, kwenye mita 20 ni mara tatu. Ukipanda, hewa iliyo kifuani inatanuka. Ukijaza mapafu kwenye mita 10 kisha ukayafunga, hewa ile itadai nafasi mara mbili ukifika juu. Mapafu hayana nafasi hiyo, hupasuka, na viputo vikiingia kwenye damu vinaweza kufika ubongoni ndani ya dakika chache.

Wala usidhani hayo ni ya kina kirefu. Ukiwa umejaza kifua, kupanda mita moja na kitu tu kunaweza kuyadhuru mapafu. Na mpiga picha hupanda bila kujua, kwa sababu mapafu yaliyojaa humwelesha: macho yako kwenye kioo cha kamera, matumbawe yanaachwa chini taratibu. Kwa hiyo pumua polepole, bila kukoma. Bonyeza kitufe ukielekea mwisho wa kutoa pumzi, wakati mwili umetulia, kisha vuta nyingine. Picha iliyotikisika inafutika.

Masikio yakiuma nikishuka, nivumilie?

Usivumilie. Maumivu ni ngoma ya sikio inayosukumwa ndani. Bana pua, puliza taratibu, na uanze mapema, tangu mita ya kwanza, kabla hayajauma. Yakigoma kuzibuka, panda kidogo ujaribu tena. Yakigoma kabisa, ahirisha. Ukiwa na mafua, siku hiyo usizamie. Dawa ya kuzibua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikanaswa wakati wa kupanda.

Bega limeniuma tangu nilipotoka majini. Si uzito wa kamera tu?

Huenda ni uzito, lakini usijipe jibu hilo haraka. Mpiga picha ana kisingizio kilicho tayari, na kisingizio hicho huchelewesha matibabu.

Chini ya maji mwili hunyonya naitrojeni nyingi kutoka kwenye hewa unayovuta. Ukipanda polepole, inatoka kupitia mapafu. Ukipanda haraka, au ukikaa chini kupita muda unaoruhusiwa, inageuka viputo ndani ya viungo, mishipa ya damu au uti wa mgongo. Dalili ni maumivu ya viungo, ganzi, uchovu usio wa kawaida, vipele, kizunguzungu, miguu kulegea, na kwa kawaida hujitokeza ndani ya saa 24. Ukizishuku, vuta oksijeni tupu, pumzika, na upelekwe kwa daktari. Tiba yenyewe hutolewa ndani ya chemba maalumu ya mgandamizo. Usirudi chini eti ukajitibu majini.

Kinga yake: usipite mita 9 kwa dakika unapopanda, na usimame dakika 3 kwenye mita 5. Kabla ya kupanda ndege subiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja wa kawaida, na saa 18 ukiwa umezamia mara kadhaa. Kunywa maji pia, maana kuzama hufanya figo zitoe mkojo mwingi.

Nilijikwaruza kwenye tumbawe na damu ikaonekana ya kijani. Ni sumu?

Hapana. Maji humeza mwanga mwekundu kwanza, ndiyo sababu picha zisizopigwa kwa fleshi huwa za buluu. Mulika tochi, utaiona damu nyekundu. Kidonda chenyewe ndicho cha kuangaliwa: vipande vidogo vya tumbawe hubaki ndani na kukichimba. Kisugue kwa maji safi na sabuni, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Kikivimba au kutoa usaha, nenda hospitali.

Ukichomwa na samaki mwenye miiba ya sumu, loweka mahali hapo kwenye maji ya moto yapata nyuzi 45 za selsiasi kwa dakika 30 hadi 90. Yapime kwanza kwa mkono usioumia, halafu nenda hospitali.

Nani asizamie kabisa?

Mjamzito asizamie. Mwenye kifafa, pumu, ugonjwa wa moyo, au ambaye pafu lake liliwahi kupasuka, apimwe kwanza na daktari anayeujua uzamiaji.

Nianze lini kubeba kamera?

Ukiweza kuelea palepale kwenye mita 5 kwa dakika 3, bila kushika kitu, bila kupanda wala kuzama. Asiyeweza hilo huishia kuegemea matumbawe, yanayovunjika na kumkata. Siku za mwanzo, tazama geji ya hewa kila baada ya picha mbili tatu, na mwenzako awe umbali wa kufikiwa kwa mkono. Kamera ifungwe kwa kamba kwenye jaketi lako la uzamiaji, ili mikono yote miwili iwe huru pale mwenzako atakapokuonyesha ishara kwamba hewa imemwishia.