Kwa nini haki ya nyumba iliyo kwenye katiba haikupi ufunguo wa nyumba?

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuwa na haki ya nyumba iliyoandikwa kwenye katiba ya nchi yake, akaipeleka mahakamani, akashinda, na bado akarudi kulala kwenye banda la mabati? Ndivyo ilivyokuwa kwa Irene Grootboom wa Afrika Kusini. Tarehe 4 Oktoba 2000 yeye na wenzake walishinda katika Mahakama ya Katiba, kwa hukumu ambayo hadi leo inafundishwa kwenye vyuo vya sheria mbali sana na Cape Town. Mwaka 2008 alifariki akiwa bado anaishi bandani.

Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliamua papo hapo kwamba haki ile ilikuwa maneno matupu. Nilikosea. Kosa lenyewe ni la watu wengi, na bila kulifumua vizuri sehemu iliyobaki haieleweki, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Tunadhani haki ya nyumba ni kama stakabadhi ya mzigo: ukishakuwa nayo mkononi, unakwenda dirishani, unaionyesha, unakabidhiwa kilicho chako. Dhana hiyo huzaa kambi mbili zinazogombana. Ya kwanza husema serikali imetapeli watu, kwa sababu imeandika haki na ufunguo haujatoka. Ya pili husema waandishi wa katiba hawakuwa makini, kwa sababu hakuna hazina inayoweza kumjengea kila mtu, na haki isiyolipika haifai kuitwa haki. Zinazomeana, lakini zote mbili zimesimama juu ya stakabadhi ile ile. Ukiiondoa, ugomvi wao unabaki hauna mguu.

Tazama maneno yenyewe. Kifungu cha 26 cha Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 kina sehemu tatu. Ya kwanza inampa kila mtu haki ya kuyafikia makazi ya kutosha. Neno “kuyafikia” lina kazi hapo: linagusa ardhi, maji, mikopo, sheria za upangaji, na kila kitu kinachomwezesha mtu kufika, hata kama anayejenga si serikali. Ya pili inaitaka serikali ichukue hatua za busara, za kisheria na nyinginezo, kulingana na uwezo wake, ili haki hiyo itimie hatua kwa hatua. Ya tatu haina masharti ya fedha hata kidogo: hakuna mtu atakayefukuzwa kwenye makazi yake, wala kubomolewa, bila amri ya mahakama iliyotolewa baada ya kuangalia hali yote inayohusika.

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa tunatofautisha nyumba na makazi. Nyumba ni kuta na paa. Makazi ni pale mtu anapokaa, pamoja na namna anavyokaa. Mwaka 1991 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni ilieleza makazi “ya kutosha” ni yapi, na ikaweka mbele kabisa usalama wa ukaaji, yaani kutoishi kwa hofu ya kutolewa wakati wowote. Baada ya hapo ndipo yakaja maji na huduma, gharama inayobebeka, uimara, kufikika na wazee na wenye ulemavu, kuwa karibu na kazi na shule, na kuheshimu utamaduni wa wakaaji. Maana yake ni kwamba haki hii humhusu hata mtu ambaye tayari ana paa. Mpangaji asiyejua kama wiki ijayo atakuwa ndani au barabarani, hata kama chumba chake ni cha zege, kwa kipimo hicho hana makazi ya kutosha.

Sasa tuje kwenye kiungo kinachotatiza watu zaidi: “hatua kwa hatua”. Wengi husikia “ipo siku”. Lakini fikiria deni kubwa linalolipwa kwa awamu. Mdai hawezi kugonga mlango leo akataka lote kwa mkupuo. Hata hivyo anaweza kudai kuona ratiba ya malipo. Anaweza kulalamika awamu ikirukwa bila sababu. Na mdaiwa hawezi kurudi usiku kuchukua alichokwisha kulipa. Kwa namna hiyo haki inayotimizwa hatua kwa hatua inaibana serikali mahali patatu: lazima pawepo mpango, mpango uende mbele, na watu wasirudishwe nyuma pasipo sababu nzito. Ndiyo maana bomoabomoa hugusa haki hii moja kwa moja kuliko hata kutojenga. Kutojenga ni kuchelewesha awamu. Kubomoa bila kufikiria watu watakwenda wapi ni kupora ile iliyokwisha kulipwa.

Nani basi hupima kama mpango ni wa busara? Jaji. Na hupima kama mwalimu mzuri wa hesabu, anayekagua njia kabla ya kutazama jibu. Hamwambii mwanafunzi atumie kanuni ipi kati ya tatu zinazofaa. Lakini akiona mstari mzima umeachwa, anaweka alama nyekundu hata kama mwandiko unapendeza. Kesi ya Grootboom ilikuwa mstari ulioachwa.

Bi. Grootboom aliishi Wallacedene, nje kidogo ya Cape Town, kwenye banda moja pamoja na familia ya dada yake. Mtaa haukuwa na maji wala mfumo wa majitaka, na wengi walikuwa kwenye orodha ya kusubiri nyumba za bei nafuu, baadhi kwa miaka 7. Mwishoni mwa Septemba 1998 kundi la wakazi lilihamia kiwanja kitupu kilichokuwa cha mtu binafsi, kilichotengwa kwa ajili ya nyumba za namna hiyo hiyo. Mei 1999 waliondolewa, siku moja kabla ya tarehe iliyotangazwa. Vibanda vilisukumwa kwa buldoza na kuchomwa, vyombo vikaharibiwa. Nafasi zao Wallacedene zilikuwa zimeshachukuliwa na wengine, kwa hiyo wakajibanza kwenye uwanja wa michezo huku mvua za majira ya baridi zikianza. Waliofungua kesi walikuwa watu wazima 390 na watoto 510.

Mahakama Kuu ya Cape iliwapa ushindi kupitia kifungu cha haki za watoto: watoto wana haki ya hifadhi, na wazazi waandamane nao. Mahakama ya Katiba haikuifuata njia hiyo. Jaji Zak Yacoob, akiandika kwa niaba ya wenzake wote, aliona kuna hatari watoto wakageuzwa ngazi ya wazazi kufikia nyumba, na hatari ya kuwaacha nje watu wazima wasio na watoto. Akaugeukia mpango wenyewe wa serikali.

Na hapa ndipo panaponivutia zaidi. Mpango ule haukuwa mbaya. Tangu 1994 mamia ya maelfu ya nyumba yalikuwa yamejengwa, na mahakama ilikiri kwamba hayo ni mafanikio. Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja. Fikiria hospitali inayojenga wodi mpya kila mwaka, yenye orodha safi ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji, kila mmoja na tarehe yake, lakini haina chumba cha dharura. Mtu akiletwa anavuja damu, karani anampa namba: njoo baada ya miaka 7. Hata kama kila wodi ni nzuri, utaratibu wa hospitali hiyo si wa busara, kwa sababu umemsahau yule ambaye hana muda wa kusubiri. Mpango wa nyumba uliwaza nyumba za kudumu za miaka ijayo, na haukumwazia mtu aliye mvuani usiku huu. Mahakama ikasema mpango usio na nafasi kwa wenye shida ya haraka haukidhi kifungu cha 26.

Utauliza: kwa nini basi isiamuru wajengewe nyumba? Kwa sababu jaji huwaona waliomo chumbani mwake tu. Nyuma yao kuna foleni ya watu wenye shida ile ile ambao hawana wakili, na wengine wana shida kubwa zaidi. Nyumba inayotolewa kwa hukumu hutoka kwenye fungu la mtu asiyekuwepo kujitetea. Mahakama ilisema wazi pia kwamba hukumu ile isichukuliwe kama baraka ya kuvamia ardhi ili kuruka foleni. Kwa hiyo ilitoa tamko la haki, yaani ilitamka tu kwamba mpango haukidhi katiba, ikaiachia Tume ya Haki za Binadamu jukumu la kufuatilia. Hapakuwa na tarehe ya mwisho wala idadi ya nyumba.

Wakosoaji walilaumu hapo, na nadhani wana hoja. Walitaka kiwango cha chini kabisa, mstari ambao hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa chini yake: paa, maji, choo. Mahakama ilikataa kuuchora, ikisema mahitaji ya watu yanatofautiana mno na haina taarifa za kutosha. Matokeo yake, Irene Grootboom aliubadilisha mpango wa taifa zima bila yeye kubadilishiwa paa. Mwaka 2004 Afrika Kusini ilianzisha programu ya makazi ya dharura, chumba kile cha dharura kilichokuwa hakipo. Kusema imewafaa watu wangapi kwa sababu ya hukumu pekee ni vigumu, kwani siasa na bajeti zilikuwa zikisukuma wakati huo huo, na kutunga programu hakukumaanisha kila manispaa iliitekeleza.

Lakini mwalimu wa hesabu aliendelea kukagua. Mwaka 2011 iliamuliwa kesi ya kampuni ya Blue Moonlight, iliyotaka kuwaondoa watu 86 kwenye jengo lake la Johannesburg. Jiji lilisema linawahifadhi waliofukuzwa na jiji lenyewe, si waliofukuzwa na wenye majengo binafsi, na kwamba halikuwa na bajeti yao. Mahakama ya Katiba ilijibu kwamba kusema “hatukupanga bajeti” hakutoshi pale ambapo jiji lilipaswa kupanga. Mwenye mali alirudishiwa jengo lake, jiji likaamriwa liwape wakazi makazi ya muda kabla ya tarehe yao ya kutoka. Miaka 11 tu baada ya Grootboom, tayari kuna amri inayowahusu watu wenye majina na inayoweka tarehe.

Zipo nchi zilizoamua kusogea hadi karibu kabisa na ile stakabadhi. Uskoti ilitunga sheria mwaka 2003 iliyoondoa polepole mgawanyo wa nani ana haki ya kusaidiwa kwanza, na tangu mwisho wa 2012 karibu kila asiye na makazi bila kujitakia anaweza kuidai halmashauri yake. Ufaransa, baada ya mahema ya wasio na makazi kupangwa kando ya mfereji wa Saint-Martin mjini Paris mwishoni mwa 2006, ilipitisha sheria tarehe 5 Machi 2007: kamati ikikutambua kuwa una dharura na hujapewa nyumba kwa muda uliowekwa, unaishtaki serikali, na jaji anaweza kuitoza faini inayoongezeka kadiri inavyochelewa. Faini hiyo haiingii mfukoni mwako. Inaingia kwenye mfuko wa umma wa kusaidia watu kupata makazi, hivyo serikali hujilipa yenyewe. Na penye nyumba chache, kama Paris na vitongoji vyake, waliotambuliwa rasmi bado husubiri miaka. Hata stakabadhi halisi haijengi ghorofa.

Kenya ilichukua njia iliyo karibu na ya Afrika Kusini. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inataja makazi ya kutosha, na ibara ya 20 inaongeza jambo zito: serikali ikidai haina fedha, ni yenyewe inayotakiwa kuthibitisha. Kipimo kikubwa kilikuja na kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kilichobomolewa Novemba 2011 wakazi wakiwa wameshakwenda mahakamani. Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba aliyevamia ardhi ya mtu binafsi hapati haki juu yake kwa kuvamia tu. Lakini watu wasio na ardhi walioweka makazi kwenye ardhi ya umma, ingawa hawapati hati miliki, wanapata haki ya makazi inayolindwa, na hawawezi kuondolewa kana kwamba hawapo. Mahakama inaweza kuamuru fidia, au huduma za msingi, au mashauriano na wakazi kabla ya kuhamishwa, au kusimamia yenyewe utekelezaji wa amri zake.

Wakazi wa Mitumba wenyewe hawakupangiwa lolote kati ya hayo siku hiyo. Faili lao lilirudishwa Mahakama Kuu ili iamue nafuu inayowafaa, miaka 9 na ushee baada ya mabuldoza kupita.