Thamani ya startapu ni namba ya kwenye habari, hela iko kwenye masharti

Kazi yangu ni kupitia karatasi za masharti za wawekezaji kabla waanzilishi wa startapu, yaani kampuni changa zinazotaka kukua haraka, hawajasaini, na karibu wote wanaonitumia macho yako kwenye thamani ya kampuni tu. Mi huwa naruka naenda kwenye kile kifungu kinachosema kampuni ikiuzwa nani analipwa kwanza.

Chukulia hivi. Mwekezaji anaweka dola milioni 10 anapewa asilimia 20, kwa hiyo inatangazwa kampuni ina thamani ya milioni 50 na watu wanapongezana mtandaoni. Miaka minne baadae hali ngumu, kampuni inauzwa milioni 12. Mwanzilishi anapiga hesabu, asilimia 80 ya 12 ni milioni 9.6, si mbaya. Wapi! Mwekezaji anatoa kwanza milioni 10 zake, zinabaki 2, hizo ndo mnagawana nyie waanzilishi na wafanyakazi wenye hisa. Na hapo masharti ni mepesi, kama kifungu kinasema arudishiwe mara mbili anabeba zote 12 mnabaki mnaangaliana. Alafu kuna ile ya kuchukua hela yake kwanza kisha anarudi tena kugawana kilichobaki, hiyo mi nawaambia watu wasisaini labda mishahara ya mwezi huu haina pa kutokea.

Haya mambo yalikuwepo siku zote ila 2021 hakuna aliyejali, riba Marekani ilikuwa karibu na sifuri na hela inatafuta pa kwenda. Kuanzia Machi 2022 benki kuu yao ikapandisha riba mpaka ikafika kati ya asilimia 5.25 na 5.5 Julai 2023, sasa mfuko wa pensheni unaopata asilimia 5 kwenye hati fungani za serikali utafungia hela yake miaka 10 kwenye startapu kwa sababu gani? Thamani ya Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ikashuka kutoka dola bilioni 45.6 mwaka 2021 hadi 6.7 mwaka uliofuata. Wengine hawakutaka aibu hiyo, kwa hiyo wakang'ang'ania thamani ileile na mwekezaji akakubali, ila akajilipa kwenye vifungu. Ndo maana nikiona startapu imechangisha kwa bei ya juu wakati soko limelala siwapongezi mpaka nisome karatasi.

Hela imerudi sa hivi, ila imekwenda kwenye akili mnemba, na kwa wachache. OpenAI, wenye ChatGPT, peke yake Machi 2025 ilitangaza raundi ya kuchangisha dola bilioni 40. Ukijumlisha soko zima unaona limenona, ukitoa hao wakubwa picha ni nyingine kabisa.

Kama biashara yako inakua asilimia 20 kwa mwaka na inajilipa, kwa maoni yangu hii hela ya wawekezaji sio yako. Mfuko wa mwekezaji, yaani chungu cha hela anachowekea kampuni nyingi, unategemea moja au mbili zirudishe hela ya mfuko mzima, wewe hapo ni wa kusukumwa uuze haraka. Mifuko mingi ina maisha ya miaka 10 na nyongeza kidogo, iliyofunguliwa 2018 imeshaanza kutafuta mlango wa kutoka na hela yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza thamani, muulize mwekezaji mfuko wake ulifunguliwa mwaka gani na hela imebaki kiasi gani ya kukuongezea raundi ijayo, akianza kuzunguka jua tayari anahesabu miaka iliyobaki.