Kuzimu si jehanamu

Kuzimu ni makao ya wafu. Wafu wote: wema na wabaya, kitoto kichanga na mzee wa miaka mia, mfalme na mtumwa wake. Jehanamu ni mahali pa adhabu baada ya hukumu. Maana imeishia hapo, na ningekomea hapo pia kama si redio, mikutano ya injili na video za ushuhuda ambazo hazichoki kutuletea "shetani, mfalme wa kuzimu", ameketi kwenye kiti cha moto na watu wanakaangwa mbele yake. Siku hizi hata mawigi na mafuta ya kupaka yanasemwa yametengenezwa kuzimu, kana kwamba huko kuna kiwanda.

Neno lenyewe halina moto hata cheche. Ni ku- ya mahali iliyoungwa na -zimu, ileile ya mzimu na mizimu. Kuzimu ni huko waliko mizimu, basi. Majirani zetu wa Rwanda na Burundi wanalo vilevile: roho za waliokufa ni abazimu, na makao yao ni ikuzimu, chini ya ardhi. Na mizimu ni akina nani? Ni babu na bibi. Aliyemwaga pombe kidogo chini kabla ya kunywa hakuwa anawapelekea waliolaaniwa. Alikuwa anawakumbuka wazee wake, anawaomba mvua au mtoto, na pia anawaogopa kidogo, maana mzee aliyesahaulika hukasirika. Kwenda kuzimu hakukuwa aibu. Aibu ilikuwa kwenda huko bila kuacha mtu wa kukutambikia.

Baganda husimulia habari za Walumbe, ambaye ni kifo chenyewe. Alipokuwa anawamaliza watoto wa Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi, ndugu yake Kayikuzi alitumwa kutoka mbinguni aje amkamate. Watu wote waliambiwa wanyamaze ndani ya nyumba zao mpaka kazi iishe. Watoto wakamwona Walumbe, wakapiga kelele, naye akazama tena ardhini kule Tanda, ambako mashimo yake yanaonyeshwa hadi leo. Anaishi huko chini, na ndiyo sababu tunakufa. Katika simulizi hiyo yote hakuna anayepimiwa dhambi wala anayechomwa.

Watafsiri wa Biblia walipotafuta neno la Kiswahili la kubeba Sheoli, makao ya wafu ya Waebrania, walichukua kuzimu, na kwa maoni yangu hawakuwahi kuchagua vizuri zaidi. Msome Yakobo katika Mwanzo 37. Anaonyeshwa kanzu ya Yusufu yenye damu, anakataa kufarijiwa, anasema atamshukia mwanawe kuzimu akiwa bado anaomboleza. Mzee yule anatazamia kukutana na mtoto wake kipenzi. Ingekuwa kuzimu ni motoni, Yakobo angekuwa anasema kwamba Yusufu anaungua na yeye anamfuata. Ayubu naye, akiwa amekaa kwenye majivu, anatamani mahali ambapo waovu wameacha kusumbua, waliochoka wanapumzika, na mtumwa yuko huru mbali na bwana wake. Mwandishi wa kitabu cha Mhubiri anakata tamaa zaidi: huko uendako hakuna kazi wala shauri wala maarifa.

Lakini kisa kinachomaliza ubishi, kwangu mimi, ni cha 1 Samweli 28. Sauli, mfalme aliyekataliwa na Mungu, anakwenda usiku kwa mwanamke wa Endori ili ampandishie Samweli aliyekwisha kufa. Samweli anapanda kutoka chini, amekasirika kwa kusumbuliwa, kisha anamwambia Sauli kwamba kesho yeye na wanawe watakuwa pamoja naye. Pamoja naye! Nabii mtakatifu na mfalme aliyeharibikiwa, mahali pamoja. Nimewahi kusikia ikifafanuliwa kwamba yule hakuwa Samweli bali pepo lililojifanya Samweli. Andiko lenyewe linamwita Samweli kila mara.

Waebrania hawakuwa peke yao. Watu wa Mesopotamia waliamini nchi isiyo na kurudi, yenye milango saba, ambako wafu wote hula vumbi chini ya malkia Ereshkigali. Wagiriki walikuwa na Hadesi, jina la mahali na la mungu anayepatawala, ambaye alipata sehemu hiyo kwa kupiga kura na ndugu zake Zeu na Poseidoni. Si shetani wao. Ni mkali tu, na hapokei rushwa. Mbwa wake Kerbero hakuwekwa mlangoni kutesa watu bali kuwazuia wasitoke. Katika utenzi wa Odisea, Akile, shujaa kuliko wote, anamwambia mgeni wake huko chini kwamba ni heri kuwa kibarua wa maskini juu ya ardhi kuliko kuwatawala wafu wote. Analalamika kwa sababu maisha yamekwisha, si kwa sababu anaadhibiwa. Ndiyo, Tantalo na Sisifo wanateswa huko, lakini ni watu wachache waliowachokoza miungu wenyewe.

Basi jehanamu imetoka wapi? Imetoka kwenye bonde. Bonde la Hinomu, kwa Kiebrania Ge-Hinomu, liko kusini mwa Yerusalemu, na mtu anaweza kulitembea kwa miguu leo hii akarudi kula chakula cha mchana. Huko watu walipitisha watoto wao motoni kwa ajili ya mungu aliyeitwa Moleki. Mfalme Yosia alipatia unajisi mahali hapo katika karne ya 7 KK ili mtu asifanye hivyo tena, na Yeremia akatabiri kwamba litaitwa bonde la machinjo. Kutoka hapo jina likawa jina la hukumu ya Mungu, likapita kwenye Kigiriki na Kiarabu, likatufikia.

Hapa lazima nilizungumzie jalala. Wahubiri wengi wanapenda kusema kwamba Gehena, yaani bonde hilo, lilikuwa jalala la Yerusalemu, moto ukiwaka usiku na mchana juu ya takataka na mizoga. Maelezo hayo yanavutia, lakini shahidi wake wa mapema anayejulikana ni Rabi Daudi Kimhi, aliyeishi Ufaransa ya kusini karibu mwaka 1200, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Yesu. Moto wa watoto wa Moleki unatosha kueleza jina hilo. Hauhitaji msaada wa takataka. Kilichopatikana kweli kando ya bonde hilo, mwaka 1979, ni makaburi ya kale yenye vikaratasi viwili vya fedha vilivyokunjwa, vimeandikwa ile baraka ya makuhani ya Hesabu 6, "Bwana akubarikie na kukulinda". Ni maandishi ya kale kuliko yote tuliyonayo yenye maneno ya Biblia, nayo yametoka ukingoni mwa jehanamu.

Waislamu wa pwani hawachanganyikiwi sana kama sisi Wakristo katika jambo hili, kwa sababu wanalo neno barzakhi kwa hali ya aliyekufa akisubiri kufufuliwa, na jahanamu inakuja baada ya kiyama. Barzakhi si kuzimu ya wahenga, kuna maswali ya kaburi na mengine, lakini mpangilio wa kungoja kwanza, hukumu baadaye, uko wazi.

Mtu atanijibu kwa Luka 16: tajiri yuko kuzimu na anateseka katika mwali wa moto, anaomba tone la maji. Ni kweli, na ndiyo hoja nzuri kuliko zote za upande wa pili. Kufikia wakati huo Wayahudi wengi walikuwa wamekwisha kuigawa Sheoli. Kitabu cha Henoko, maandishi ya kale ya Kiyahudi, sura ya 22, kinaeleza mashimo mbalimbali ya roho, lile la wenye haki likiwa na chemchemi ya maji. Tajiri yumo katika sehemu mbaya ya kungojea. Lakini bado ni kungojea, kwa sababu ndugu zake watano wangali hai nyumbani kwa baba yao na kiyama hakijafika. Kisha fungua Ufunuo 20:14, ambako Mauti na Kuzimu zinatupwa katika ziwa la moto. Kama kuzimu ndiyo moto, moto umetupwa motoni.

Wakatoliki wana sababu ya ziada ya kulijua hili, maana husali katika Kanuni ya Imani kwamba Kristo "akashukia kuzimu". Katekisimu ya 1992, ibara ya 633, inasema wazi kuwa ni makao ya wafu, waovu na wenye haki pamoja. Alikwenda walikokwenda wote waliokufa.

Kwa hiyo anayetaka kuhubiri moto ahubiri, ila aseme jehanamu. Na ile "milango ya kuzimu" ya Mathayo 16:18, ambayo tunaombewa dhidi yake kana kwamba ni kikosi kilichotoka usiku, ni msemo wa zamani. Mfalme Hezekia aliutumia katika Isaya 38 aliposema kwamba ataingia malango ya kuzimu kabla umri wake haujatimia. Hakuwa amelogwa. Alikuwa na jipu, akidhani anakufa. Nabii Isaya akaagiza liwekewe mkate wa tini, naye akaongezewa miaka 15.