Kabla ya kuwa urembo, "glamour" ilikuwa kiinimacho

Neno "glamour" likinijia kwenye kazi ya tafsiri, mkono huenda wenyewe kwenye "urembo". Ni neno la karibu, halimkwazi msomaji, na kwa miaka mingi nimeliandika bila kujiuliza. Nilipoanza kufuatilia lilikotoka, mkono ukawa mzito. Mengi yanayosemwa kuhusu neno hili si kweli, na ukweli wake unavutia kuliko uzushi.

Dhana: Ni neno la Kifaransa, na ndani yake mna "amour", yaani mapenzi.

Hapa sikio ndilo linalotudanganya. Wafaransa wenyewe walilikopa kutoka Kiingereza, tena katika karne ya 20. Wahispania nao walilikopa, na siku hizi huandikwa pia "glamur", kama wanavyolitamka. Warusi husema "glamur" vilevile. Kote huko ni mgeni. Kwao ni Uskoti, na halina udugu wowote na mapenzi ya Kifaransa. Ile "-our" ya mwisho nayo huwafanya watu walitie fungu moja na "colour" na "honour", maneno yenye asili ya Kilatini. Si ndugu zao. Hata Wamarekani, walioiondoa "u" kwenye "color", hapa kwa kawaida wameiacha.

Dhana: Tangu mwanzo lilimaanisha uzuri.

Lilimaanisha kiinimacho. Mshairi wa Uskoti Allan Ramsay aliambatanisha ufafanuzi wa maneno na mashairi yake yaliyochapishwa mwaka 1721, na humo akaeleza kwamba mashetani, wachawi au wafanya mazingaombwe wakiyadanganya macho ya watazamaji, husemwa wamewatupia "glamour" machoni. Kitenzi hicho, kutupia, ndicho kilichonizindua. Kumbe haikuwa sifa iliyokaa usoni mwa mtu. Ilikuwa kitu anachotupiwa mwenzake, na mahali pake pa kufanyia kazi palikuwa jichoni mwa anayetazama.

Mwaka 1805 Walter Scott alilionyesha jambo hilo kwa beti ambazo sijazisahau, katika utenzi wake "The Lay of the Last Minstrel". Kwa nguvu ya "glamour", anasema, mwanamke huonekana shujaa wa vita. Utando wa buibui kwenye ukuta wa gereza huonekana pazia la thamani katika ukumbi wa bwana mkubwa. Ganda la kokwa huonekana mashua iliyopakwa dhahabu, kibanda cha mchungaji huonekana kasri, kijana huonekana mzee na mzee kijana. Kisha anakata shauri kwamba yote hayo ni udanganyifu, hamna kweli hata moja. Hakuna anayerembeka katika beti hizo. Buibui ni yuleyule na ganda ni lilelile, ila jicho limechezewa.

Maandishi ya Scott ndiyo yaliyolieneza neno hili miongoni mwa wasomaji wa Kiingereza. Katika karne ya 19 maana ikaanza kuteleza, kutoka uchawi wenyewe kwenda kwenye mvuto unaofanana na uchawi. Karne iliyofuata Hollywood ikalinyakua, na mwaka 1939 kampuni ya Condé Nast ikaanzisha jarida lililoitwa "Glamour of Hollywood". Wengi husema hapo ndipo neno lilipoikana asili yake. Mimi naona liliikumbuka vizuri sana. Mwaka 1931 mwigizaji Joan Crawford alipigwa picha na George Hurrell akiwa hana vipodozi, na uso wake ulijaa madoadoa ya asili. Fundi wa kurekebisha picha akaishughulikia negativu, yaani filamu ya picha hiyo, kwa mkono mpaka madoadoa yote yakatoweka, ngozi ikawa laini kama marumaru. Ukiziweka picha hizo mbili kando kwa kando, unamwona Ramsay yuko kazini.

Dhana: Limetokana na kung'aa, kama "glitter" na "gleam".

Hii inaeleweka, maana Kiingereza kina maneno mengi ya mng'aro yanayoanza na "gl". Lakini mama yake "glamour" ni "grammar", yaani sarufi. Ndiyo, sarufi hii ya nomino na vitenzi.

Katika Ulaya ya zama za kati, "grammatica" ilikuwa zaidi ya kanuni za sentensi. Ilikuwa elimu ya Kilatini, na Kilatini ndicho kilichokuwa ufunguo wa vitabu vya dini, tiba na nyota. Waliojua kusoma walikuwa wachache. Mtu asiyejua herufi alimwona mwenzake ameinamia alama nyeusi, midomo ikinong'ona kwa lugha ngeni, kisha akiinuka anajua mambo ambayo hakuna aliyemwambia. Haikuwa vigumu kuamini kwamba ndani ya kitabu kile mna siri nzito kuliko maneno. Wafaransa walipita njia hiyohiyo: "grammaire" yao ikazaa "grimoire", kitabu cha uganga na uchawi. Mpaka leo Mfaransa anaweza kuuita hivyo mwandiko usiosomeka.

Je, "r" iligeukaje "l"? Neno lilikuwa na "r" mbili, na ulimi huona tabu kuzirudia, basi ya kwanza ikalainika. Kilatini "peregrinus", mgeni atokaye mbali, kilipita hapohapo hadi kuwa "pilgrim", hujaji, kwa Kiingereza. Na ushahidi upo: katika karne ya 13 Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa na ofisa aliyeitwa "magister glomeriae", msimamizi wa wanafunzi wa sarufi. Sarufi kwa "gl", waziwazi. Mshairi wa Uskoti Robert Burns naye, mwaka 1789, aliwataja wanaofanya biashara ya "glamour" pamoja na waliobobea katika sarufi nyeusi ya jehanamu, na maneno hayo mawili akayafanya vina.

Ipo dhana nyingine ya asili ambayo siwezi kuipuuza, kwa sababu waliowahi kuishikilia walikuwa wasomi. Katika Grettis saga, masimulizi ya kale ya Iceland, mna mzuka uitwao Glámr, na wenyeji wakasema mtu anayeona vitu sivyo vilivyo ameazimwa macho na Glámr. Maana inalingana mno! Hata hivyo wanakamusi wa leo huegemea sarufi, nami nasimama nao.

Tukizidi kurudi nyuma tunaufikia Ugiriki, kwenye "gramma", herufi, kitu kilichoandikwa. Humo ndimo ilimotoka gramu tunayopimia vitu, na ndimo lilimotoka neno telegramu. Jina la Instagram liliundwa kwa kuunganisha kamera ya papo kwa papo na telegramu. Kwa hiyo mkia wa jina hilo na "glamour" ni binamu wa damu. Kila nikiona picha iliyolainishwa ngozi humo, naukumbuka udugu huo.

Dhana: Kiswahili hakina neno lake.

Kinayo kadhaa, ila hayaishi nyumba moja. Kiinimacho ndicho alichokieleza Ramsay, karibu neno kwa neno. Sihiri, kutoka Kiarabu, ni uchawi, lakini husemwa pia mtu amesihiriwa na uzuri. Katika hilo Kiswahili hakiko peke yake: "charm" imetokana na Kilatini "carmen", wimbo na pia maneno ya kuagulia, na "fascino" ya Kiitaliano imetokana na "fascinum", uchawi wa jicho baya. Haiba, tunayoipenda sana kwenye sifa za watu, kwa Kiarabu asili yake ni hofu yenye heshima, ile inayokufanya uinamishe macho. Mbele ya "glamour" macho hayainami, yanang'ang'ania.

Siku hizi nikilikuta neno hili nauliza kwanza: hapa anasemwa mwenye sura, au mwenye kutazama? Kwa beti za Scott niliandika kiinimacho bila wasiwasi. Maelezo ya picha ya Crawford yalinisumbua zaidi. Niliandika mvuto, nikafuta, nikaandika sihiri, nikaiacha.