Je, Wajua Kwa Nini Mwimbaji Aliyepwelewa na Sauti Huambiwa Anyamaze?

Mikesha ya Pasaka ikiisha, kwaya nyingi hapa Tanga hubaki na akina dada wa sauti ya kwanza waliopwelewa. Kila mtu huwaletea tangawizi na asali. Wachache huwaambia wanyamaze, na hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Mwaka 1841 Jenny Lind, soprano (mwimbaji wa sauti ya kwanza) wa Uswidi mwenye miaka 20, alikwenda Paris kwa mwalimu wa sauti Manuel García. Alikuwa ameimba opera, yaani michezo ya jukwaani inayoimbwa, kwao mfululizo hadi sauti ikachakaa. García hakumpa zoezi hata moja. Alimkataza kuimba kwa wiki kadhaa, kisha ndipo akaanza kumfundisha upya.

Sauti hutokana na mikunjo miwili midogo iliyomo ndani ya kikoromeo. Pumzi ikipita, mikunjo hiyo hugongana: katika noti ya kati ya soprano, mara 440 kwa sekunde, katika noti zake za juu kabisa, zaidi ya mara 1,000. Ikigongana hivyo usiku kucha huvimba. Ikivimba haifungi vizuri, pumzi huvuja, sauti hukwaruza. Mwimbaji naye, akitaka asikike, hukaza zaidi, na hapo ndipo anapojiumiza. Akiendelea hivyo kwa miezi, vinundu huota.

Na tangawizi? Ukimeza, kikoromeo hujifunga. Tone likipenya, unapaliwa. Basi chai hiyo hutuliza koo na kuupa mwili maji, jambo jema kabisa, ila haiigusi mikunjo yenyewe. Kunong'ona kwa kukaza nako si kupumzika, ingawa wengi hudhani hivyo.

Kinachonistaajabisha ni kwamba García alimpima Lind kwa sikio tu. Ilikuwa 1854 ndipo alipofaulu kuiona mikunjo yake mwenyewe ikifanya kazi, kwa kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua. Madaktari wa koo wakaichukua njia hiyo.

Lind aliacha opera mwaka 1849 lakini akaendelea na matamasha, na mwaka 1883 akawa mwalimu wa uimbaji katika Royal College of Music, London. Walimu wa kwaya, aliyepwelewa mwacheni akae nje ya mazoezi, hata kama ndiye tegemeo la sauti ya kwanza. Wiki 3 zikipita bila sauti kurudi, aende hospitali akachunguzwe koo.