Chaneli iko wazi kweli, au wewe ndo huisikii?

Kila nikisema kazi yangu ni mambo ya masafa ya redio, swali linalokuja ni moja tu, inatoa mega ngapi, yaani megabiti ngapi kwa sekunde? Nalijibu kwa moyo wote lakini kwenye redio tambuzi (cognitive radio) jibu linakuwa refu, maana hizi ni redio ambazo masafa sio yao. Wazo alilitoa Joseph Mitola mwaka 1999: redio iangalie kwanza masafa gani mwenye leseni yake hayatumii hapo ilipo, irushe, na huyo mwenyewe akirudi iondoke. Kwaiyo mega zako zinategemea sana huyo mwenyewe.

Mfano ninaoupenda ni wa Nanyuki kule Laikipia, Kenya. Mwaka 2013 Mawingu, watoa intaneti wa hukohuko, na Microsoft walianza majaribio ya kupeleka intaneti vijijini kwa kutumia chaneli za TV ambazo eneo lile hamna kituo kinachozirusha, na umeme ulikuwa wa sola. Mwaka huohuo huku Dar nako COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kampuni ya intaneti ya UhuruOne na Microsoft walitangaza mpango wa namna hiyo kwa ajili ya vyuo vikuu. Watu walichagua masafa ya TV kwa sababu UHF, yaani masafa ya TV kuanzia megahezi 470, inapita kwenye miti na kujikunja kwenye vilima vizuri kuliko Wi-Fi ya gigahezi 2.4, na kijijini hicho ndo unachokitaka.

Sasa tupige hesabu. Chaneli moja ya TV huku kwetu ina upana wa megahezi 8. Mwanahisabati Claude Shannon alishatuonyesha mwaka 1948 kwamba uwezo wa chaneli unatokana na upana wake na ishara inavyoizidi kelele, yaani mawimbi mengine yasiyotakiwa. Tuseme ishara yako ni mara 31 ya kelele, unajumlisha 1 unapata 32, na 32 ni 2 iliyojizidisha mara tano, kwaiyo kila hezi inabeba biti 5 kwa sekunde, mara megahezi 8 unapata megabiti 40 kwa sekunde. Hapo ndo mwisho, hata ununue redio ya bei gani.

Alafu angalia hapa, maana hapa ndo pananifurahisha. Mwenye masafa akikwambia punguza nguvu ya kurusha iwe nusu, megabiti 40 zinashuka kuwa kama 32, umepoteza moja ya tano tu. Akikuachia nguvu yote ila akakukatia upana nusu unabaki na megabiti ambazo hazifiki 24 (hazishuki hadi 20 kwa sababu kelele inayoingia nayo inakuwa nusu). Ndo maana mimi kwenye kikao chochote cha kugawana masafa nasema tukubali kurusha kwa nguvu ndogo kwenye chaneli pana, tusing'ang'anie nguvu, kwa sababu nguvu ndo inayomuumiza jirani na faida yake kwetu ni ndogo.

Sasa kujua kama chaneli iko wazi. Njia ya kwanza ni redio isikilize yenyewe, na muda wa kusikiliza unatoka kwenye mega zako: kwenye kila milisekunde 100 ukisikiliza 10 zile 40 zinakuwa 36, na kama mara 1 kwenye 10 redio inadhani imemsikia mwenyewe kumbe hayupo basi unashuka hadi 32 na kidogo. Ukifupisha kusikiliza ili upate mega zaidi, makosa yanaongezeka, na kosa baya ni lile la kutomsikia wakati yupo, unamharibia mtu taarifa ya habari.

Ni kama kupiga hodi. Kimya sio ushahidi kwamba nyumba haina watu, inawezekana wako uani. Niliwahi kupima chaneli moja bondeni huko Lushoto, antena iko dirishani, nikaona kweupe kabisa, nikapanda na antena ileile juu ya paa la nyumba hiyohiyo kituo cha TV kikaonekana vizuri tu. Redio ya dirishani ingerusha bila wasiwasi, na jirani mwenye antena juu ya paa angeona picha inakatikakatika bila kujua sababu.

Kwa kuogopa hilo, FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, mwaka 2008 ilitaka vifaa viweze kusikia ishara ya TV hadi dBm -114 (dBm ni kipimo cha nguvu, namba ikizidi kushuka chini ya sifuri ishara ni dhaifu zaidi), wakati kelele ya joto, ile ambayo haikwepeki kwenye redio yoyote, peke yake kwenye chaneli yao ya megahezi 6 ni kama -106, yaani unatafuta mnong'ono ulio chini ya kelele, kama moja ya sita yake. Mwaka 2010 waliondoa sharti hilo kwa vifaa vinavyojua viko wapi na kuuliza kanzidata chaneli zipi ziko huru hapo. Kwa TV naona walifanya sawa kabisa, mnara wa TV hauhami, ukishaandikwa umeandikwa. Ila rada za meli za kivita zinahama, ndo maana kwenye megahezi 3550 hadi 3700 hukohuko Marekani, ambako rada hizo nazo zinarusha, wanatumia vyote, kanzidata pamoja na vipima masafa vilivyowekwa pwani, meli ikisikika watu wengine wanahamishwa chaneli.

Kitu ambacho bado kinanikosesha usingizi ni idadi. Redio moja ya nguvu ndogo haimsumbui mtu, lakini zikiwa 200 kwenye mji mmoja kila moja inaongeza kelele kidogo kwa mwenye masafa na kwa redio nyingine pia, ile mara 31 yetu inaanza kuliwa, na zile megabiti 40 zilikuwa za kugawana wote. Kwaiyo kanzidata inatakiwa ihesabu kelele ya wote kwa pamoja kabla haijamruhusu wa 201, na hapo ndo kazi yangu ilipo kwa sasa.