Msaidizi wa mtandaoni hahitaji nywila yako

Kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu ya wafanyabiashara, eti ukitaka msaidizi wa mtandaoni, yaani mtu anayekufanyia kazi akiwa mbali, akujibie wateja lazima umpe nywila zako zote na ile code ya tarakimu 6 inayokuja kwa SMS, la sivyo hawezi kufanya kazi. Jamani, si kweli.

Ile code ni ya kusajili namba yako kwenye simu nyingine, ukimpa mtu anaichukua WhatsApp yako na wewe unatolewa nje. Kumpa msaidizi kazi ni kitu kingine kabisa: fungua WhatsApp Business, ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, mnaunganisha kompyuta yake kwa kuskani QR, ile picha ya vimiraba, hata vifaa 4 vinakubali, na siku mkiachana unagusa jina la kifaa unakitoa. Angalia mwenyewe sasa hivi, utapaona. Ila ujue msaidizi anasoma chati zote, kwa hiyo laini ya biashara iwe peke yake, isichanganyike na ya familia. Peji ya Facebook nayo unamwongeza kwa akaunti yake mwenyewe, daftari la oda kwenye Google Sheets unamshea tu. PIN ya pesa ya simu hapewi mtu, hata awe mwaminifu vipi.

Watu wanachanganya kwa sababu zamani WhatsApp ilikaa simu moja tu, ukitaka kusaidiwa unakabidhi simu yenyewe.

Ikikufikia tena hiyo meseji usiisambaze tafadhali, kuna dada anauza vitenge ataiamini.